Kioo Kwanza, Karatasi Baadaye

Profesa alikuwa na sheria moja ambayo wanafunzi wake waliichukia mwezi wa kwanza na kuitetea miaka yote iliyofuata: kioo kwanza, karatasi baadaye. Fomu ya mgonjwa unailaza kifudifudi mezani. Kioo chenye kinyama chake unakiweka chini ya hadubini, unaangalia, unaandika kwa wino ulichokiona, unatia sahihi. Hapo ndipo unapoifunua fomu kusoma ni nani, ana miaka mingapi, na daktari aliyemtuma anahofia nini. "Ukisoma karatasi kwanza," alikuwa akisema, "jicho litaona lilichoambiwa. Jicho ni mbea. Linapenda kusikia kabla ya kuona."

Asubuhi ya Jumatano ile, mwanafunzi wake mmoja alikuwa amebakiza majuma sita tu. Usimdhanie msichana mdogo kwa kuwa nimemwita mwanafunzi. Alikuwa daktari bingwa tayari, mama wa mtoto wa miaka sita, na sasa alikuwa anamalizia ubingwa bobezi wa patholojia ya matiti: miaka miwili juu ya kiti kimoja katika hospitali kubwa ya kufundishia, akitazama vipande vya matiti ya wanawake ambao hakuwahi kuziona sura zao. Usiku akifumba macho aliona waridi na zambarau, rangi ambazo maabara huzipaka nyama ili zionekane.

Akaweka kioo cha kumi na moja. Vinyama vinne vyembamba kama uzi, vilivyotolewa kwa sindano nene. Viwili vya kwanza havikuwa na neno. Pembeni mwa cha tatu akakuta kijipande kidogo kimejaa chembe zilizobanana bila adabu, kila moja na kiini kikubwa cheusi. Hakusita. Akaandika "saratani", akatia sahihi, akatazama saa. Dakika nne. Miaka miwili nyuma kazi hiyo ingemla saa nzima. Akajisifu kidogo moyoni, na tusimlaumu, kwani nani hajisifu akiwa peke yake?

Kisha akaifunua fomu.

Majina yote matatu aliyajua. Umri, sitini na minne, aliujua. Titi la kushoto. Na chini kabisa, kwenye mstari wa mtu wa karibu, mwandiko wa polepole wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: "Mkwe wangu. Ni daktari humu humu." Namba ya simu iliyofuata ilikuwa yake mwenyewe.

Alikaa kitambo akiisoma ile namba ya simu, kana kwamba ingeweza kuwa ya mtu mwingine. Halafu akabeba kioo na fomu mpaka ofisini kwa Profesa.

"Hiki si changu kusoma," akasema. "Nimeshakisoma, lakini si changu."

"Kwa nini?"

"Ni mama mkwe wangu. Ninaishi naye nyumba moja, Profesa, na sikujua hata kama anaumwa."

Profesa alikuwa mzee mkavu, mtu wa kusalimia kwa nyusi. Alikichukua kile kioo akakiweka kwenye hadubini yake, akakaa nacho. Yule daktari alisimama mlangoni akiangalia kisogo cha mwalimu wake, akimwomba Mungu kimoyomoyo kwamba leo, kwa mara moja tu, awe amekosea.

"Umeona vizuri," Profesa akasema hatimaye. "Hizi ni chembe za saratani. Hata mimi ningeandika hivyo." Akatia sahihi yake juu ya ile ya mwanafunzi wake. Kisha akavua miwani. "Pole, mwanangu."

Katika miaka miwili hakuwahi kumwita mtu yeyote mwanangu.

"Majibu yataenda kwa daktari wa upasuaji," akaendelea. "Nyumbani hujui kitu. Majibu ni mali ya mgonjwa. Akitaka kukwambia, atakwambia."

"Ndiyo, Profesa."

Akaenda chooni akalia. Alipomaliza alinawa uso kwa ile sabuni kali ya hospitali, akarudi kwenye kiti chake, kwa sababu kioo cha kumi na mbili kilikuwa kinasubiri.

*

Mtaani walimwita Daktari wa Wafu. Ukiwaambia watu unasomea patholojia, wanachosikia ni chumba cha maiti, na hata ueleze mpaka mate yakauke, mtu atakuitikia "ahaa" kisha amwambie mwenzake yule huosha maiti. Mama mkwe ndiye aliyelieneza jina hilo, kwa mapenzi tu. Walikaa wote nyumba moja ya vyumba viwili na sebule, bibi akilala na mjukuu wake, ambaye kwa mdomo wake usiofunga wote walimwita Chiriku. Kila jioni mkwe alipoingia, swali lilikuwa lile lile.

"Haya, wagonjwa wako hawajambo? Au wametulia kama kawaida yao?"

"Hawajambo, mama."

"Hakuna aliyelalamika?"

"Hakuna."

"Kazi nzuri hiyo. Mimi nimezaa mwalimu, anakesha na watoto wa watu wanaompigia kelele. Wewe una wateja wapole."

Jumatano hiyo mzaha ulikuja vile vile, na daktari akacheka vile vile, ila kicheko kilimkwama kidogo. Mumewe, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameinamia madaftari kwenye kona ya meza. Chiriku alikuwa akimsimulia kila mtu habari ya jino la rafiki yake. Mama mkwe akainuka kuchukua chumvi juu ya kabati. Akainua mkono wa kushoto, akausitisha katikati, akaushusha, akainua wa kulia.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Daktari aliuona mkono ule ukifanya hivyo majuma mawili yaliyopita, akafikiri ni baridi yabisi, akasahau. Sasa kumbukumbu hiyo ilimwingia kama sindano. Mtu anayelipwa kuona chembe moja mbaya kati ya elfu nzima, hakuona mkono wa mama aliyekula naye meza moja. Alijionea aibu mpaka masikio yakawa moto.

"Mama Chiriku, mbona huli?" mama mkwe akauliza.

"Ninakula, mama."

"Unazungusha kijiko. Huko si kula, huko ni kukoroga."

Nikwambie kitu: katika nyumba ile hakukuwa na watu waliopendana kuliko wanawake hawa wawili, na usiku ule kila mmoja alilala na siri ile ile, ukuta mmoja katikati.

*

Ijumaa mama mkwe aliaga kwamba anakwenda kumwona rafiki yake mgonjwa. Alirudi mchana na mfuko. Hakusema kitu, lakini nyumba yenye Chiriku haina kabati lenye kufuli.

"Mama," mtoto alimnong'oneza daktari jikoni, kwa ule mnong'ono wake unaosikika mpaka kwa jirani, "bibi ana begi chini ya kitanda. Lina beseni jipya. Na ndala. Na sabuni, na taulo, na gauni la kulalia halijavaliwa hata siku moja. Nadhani anaenda safari."

"Usipekue vitu vya bibi."

"Sikupekua. Niliona kwa bahati nilipokuwa nimelala chini ya kitanda."

Kwa hiyo ameshaambiwa, daktari akawaza. Beseni, ndala, sabuni, taulo: hicho ndicho wagonjwa wanachoambiwa waje nacho wodini. Alisimama na mwiko mkononi mpaka chakula kikashika chini.

Jioni ile mama mkwe alimkalisha Chiriku sakafuni, akamfundisha kufunga kamba za viatu. Alipojua, akamfundisha kujichana mwenyewe nywele. Alipolia kwamba kitana kinamuuma, bibi akamwambia kwa upole, "Jikaze. Ukijua kujichana hutamsubiri mtu." Halafu akamfundisha kukunja shuka lake, na mahali panapowekwa viberiti, na kwamba havichezewi.

"Mama vipi leo?" mwalimu alimuuliza mkewe chumbani. "Amefungua shule humu ndani. Anataka kuninyang'anya kazi?"

"Mtoto anakua. Lazima ajue mambo."

"Mbona umeinamisha uso?"

"Nimechoka macho."

Mwalimu aliridhika. Alikuwa mtu mwema ambaye alizungukwa na wanawake hodari, na alikuwa ameacha zamani kuuliza swali la pili. Daktari alitamani kumwambia. Neno lilifika kooni, akalimeza. Si lake, ni la mama. Akageukia ukuta, na kwa mkono mmoja akawa amemshika mumewe shati, kama mtu anayeogopa kuanguka kitandani.

*

Jumamosi ilikuwa siku ya kufua, na siku hiyo walifua wote wawili uani, mama mkwe akifikicha, mkwe akisuuza. Mama alikataa kata kata kupumzika. Alifikicha kwa mkono wa kulia tu, na daktari alijifanya haoni.

Nguo za mwanzo zilipotoka kwenye beseni la kusuuzia, mama mkwe alishika kiuno.

"Njoo uone kazi ya mwanangu. Mwalimu mzima, anakagua kucha za watoto wa watu kila Jumatatu, lakini mifuko yake haikagui."

Mwalimu alikuwa ameacha karatasi laini ya kupengea kwenye mfuko wa suruali. Ilikuwa imelainika majini, ikapasukapasuka, na sasa vipande vyeupe vilikuwa vimeganda kwenye kila nguo: kwenye sketi ya shule ya Chiriku, kwenye blauzi ya daktari, na vibaya zaidi kwenye gauni jeusi la mama mkwe, lile la kutokea. Mama alilitandaza gauni magotini akaanza kuvibandua kimoja kimoja kwa kucha.

"Mtu akiniona nacho barabarani atasema mama huyu mchafu," akasema. "Na wala si cha kwangu. Kimehamia tu."

Daktari alikuwa ameinama, mikono ndani ya maji mpaka kwenye viwiko. Hakuinuka.

Maabara yao pia ina beseni. Kinyama cha mgonjwa hugandishwa ndani ya kitofali cha nta, kisha fundi hukikata kwa mashine kuwa utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, na utando huo hutandazwa juu ya maji ya vuguvugu ili ukunjuke kabla ya kuzolewa kwa kioo. Mgonjwa baada ya mgonjwa, maji ni yale yale. Ndiyo maana fundi hupitisha karatasi juu ya maji baada ya kila mgonjwa, kufagia mabaki. Akisahau, kijipande cha mtu wa kwanza huendelea kuelea, na mtu wa pili anapokuja, kinapanda kwenye kioo chake kama abiria asiye na tiketi.

Na Jumanne ile iliyopita, nani alikwenda kusimama nyuma ya fundi na kumhimiza? Alikuwa yeye. Alitaka vioo ishirini vya mgonjwa mmoja kwa ajili ya somo la Profesa la kesho yake asubuhi, na alimwambia fundi, yule mzee wa miaka thelathini kazini waliyemwita Mzee Nta, "Mzee wangu, nisaidie kabla ya saa nane, nakuomba." Mzee Nta alinung'unika kwamba haraka haraka haina baraka, lakini alimpenda, na akakimbia. Vioo ishirini vya mwanamke mwenye saratani. Na baada ya hivyo, beseni lile lile, foleni ya kawaida ya siku.

"Wewe, blauzi hiyo imekukosea nini?" mama mkwe akasema. "Unaikamua utadhani unaichinja."

"Samahani, mama. Nimekumbuka kitu cha kazini."

"Wafu wamekuita?"

Aliingia ndani akampigia Profesa. Profesa alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Jumatatu, saa moja asubuhi. Usiguse kioo hicho peke yako. Na nyumbani usimpe mtu tumaini ambalo hujalipima."

Ni rahisi kumwambia hivyo mtu ambaye hatalala nyumba moja na lile begi siku mbili. Jumapili nzima alimtazama mama mkwe wake akimfundisha Chiriku kushona kifungo, akameza maneno.

*

"Unasema haya kama daktari au kama mkwe?" Profesa aliuliza Jumatatu, kabla hata hajaketi.

"Sijui, Profesa. Ndiyo sababu sijakishika."

Jibu hilo lilimridhisha. Walikaa kwenye hadubini ya vichwa viwili, mwalimu na mwanafunzi wakitazama kitu kimoja. Profesa alizungusha gurudumu polepole. Vile vinyama vinne vikatulia, vikaonekana safi. Kile kijipande kilikuwa na ukungu. Akazungusha tena kidogo. Kijipande kikaonekana wazi, vinyama vikapotea kwenye ukungu.

"Kimekaa juu yao," Profesa akasema taratibu. "Hakiko ndani ya safu. Na pembeni yake kuna pengo. Kilikuwa mbele ya macho yangu Jumatano." Akatoa macho kwenye hadubini. "Nilijua umesimama mlangoni kwa hofu, nikaharakisha ili usisubiri. Ubaya wa huruma huo."

Wakashuka maabara. Mzee Nta alikuwa anavaa koti lake jeupe. Alipoelezwa, aliketi juu ya stuli, mikono juu ya magoti.

"Sikufagia maji," akasema. "Nakumbuka. Nilisema nitafagia, simu ya juu ikalia kuuliza vioo viko wapi, nikapeleka. Niliporudi nikaendelea." Akamtazama Profesa. "Niandikie barua yangu tu. Nimekaribia kustaafu."

"Simu ile nilipiga mimi," daktari akasema. "Mzee alinionya. Mimi ndiye niliyemharakisha, kosa liandikwe kwangu."

"Hakuna atakayeandikiwa barua asubuhi hii," Profesa akasema. "Mzee, lete kitofali cha mama huyu. Kata ndani zaidi, tabaka kumi. Badilisha maji kwanza. Mbele yangu."

Maji yalimwagwa. Beseni lilisuguliwa. Nimeona watu wakimwogesha mtoto mchanga kwa uangalifu mdogo kuliko ule. Mzee Nta akakata, na daktari alitoka nje kwa sababu asingeweza kusimama nyuma yake mara ya pili. Alikaa kwenye ngazi akihesabu vigae. Vioo vilipopakwa rangi na kukauka, Profesa alimwita.

Tabaka la kwanza: safi. La pili: safi. Walikwenda mpaka la kumi, wakarudi la kwanza. Uvimbe wenyewe ulikuwa pale, ule wa kawaida usio na meno, nyama iliyojikusanya kwa uzee. Saratani haikuwamo. Kisha Profesa akaweka kioo kimoja cha yule mwanamke wa Jumanne, na hapo chembe zilikuwa zile zile, zimebanana vile vile, na pembeni mwa kinyama chake palikuwa na pengo dogo, kama la jino.

Daktari akafunika uso kwa mikono miwili. Alifurahi, nisikufiche.

Profesa akavuta droo, akatoa daftari la makosa, ambalo kila mtu wa idara ile huandika kosa lake kwa mkono wake. Akaandika jina lake mwenyewe kwanza, kisha akamsukumia.

"Kabla hujaandika, nijibu moja. Ingekuwa mama wa mtu mwingine?"

Akashika kalamu.

"Angepasuliwa Alhamisi," akasema.

"Liandike hilo."

Akaandika.

*

Daktari wa upasuaji alimwita mgonjwa mchana ule ule, na kwa kuwa fomu ilisema mtu wa karibu ni nani, akamwita na yeye. Hivyo ndivyo walivyokutana, mama mkwe katika gauni jeusi la kutokea, mkwe katika koti lake la kazi, kila mmoja akikamatwa na siri yake mkononi. Walitazamana.

Daktari wa upasuaji alieleza kila kitu bila kuficha: kosa lilivyotokea, kwamba upasuaji umefutwa, kwamba atachukua kinyama kingine kuhakikisha, na kwamba atamwangalia kila baada ya miezi sita. Akaomba radhi kwa niaba ya hospitali. Mama mkwe alisikiliza mikono ikiwa juu ya mkoba. Alipotoka nje alitembea mpaka kwenye benchi la kwanza akakaa, na hapo ndipo machozi yakamtoka, kimya kimya, bila uso kubadilika.

"Kwa nini hukuniambia, mama?" mkwe akauliza. Naye alikuwa analia. "Mtu na daktari wake ndani ya nyumba. Mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa. Naruhusiwa kuficha."

Wakacheka wote wawili na machozi yao. Mama mkwe akajifuta kwa kiganja.

"Nilijua kinyama changu kitafika kwako," akasema. "Nesi aliniambia vya matiti vyote vinakwenda kwenu. Nikasema, heri. Nilitaka ukione kabla hujajua ni mimi. Ungejua ni mimi, ungelia kwanza, na mtu anayelia haoni. Lakini jina lako nikaliandika pale chini ili ukimaliza kuona, ujue pa kuja."

"Niliona vibaya, mama."

"Uliona. Halafu ukaona tena. Ni nani hufua nguo akazitakatisha kwa maji ya kwanza?"

Walikaa. Watu walipita na vitanda vya magurudumu. Daktari aliushika ule mkono wa kushoto akauweka mapajani mwake, na mama mkwe akauacha hapo.

"Na mwenzangu?" mama akauliza.

"Nani?"

"Mwenye kile kipande."

Daktari hakuwa ametegemea swali hilo. "Siruhusiwi kusema habari za mgonjwa mwingine, mama."

"Sijakuuliza jina. Nimekuuliza, ana mtu?"

"Sijui. Sisi tunaona vioo tu."

Mama mkwe alimgeukia akamtazama vizuri. Hakukuwa na mzaha usoni mwake. "Siku nne nimembeba bila kujua ni yeye," akasema. "Nimelala naye, nimeamka naye, nimemfundisha mtoto kujichana kwa ajili yake. Leo mimi nimetuliwa mzigo, yeye bado anao. Huwezi kuniambia hujui kama ana mtu."

*

Jumanne asubuhi, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, daktari alisoma karatasi kabla ya kioo. Fomu ya yule mwanamke ilikuwa kwenye faili la wiki iliyopita. Umri, arobaini na nane. Titi la kulia. Amelazwa. Kwenye mstari wa mtu wa karibu, mtu alikuwa amepiga kistari.

Nyumbani asubuhi hiyo mama mkwe alikuwa amelitoa lile begi chini ya kitanda. Alimwambia mwalimu kila kitu wakati wa chai, kwa sentensi tatu, na mwalimu alikaa na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa, kisha akaenda kumshika mama yake mabega kwa nyuma. Chiriku aliuliza kama safari imefutwa. Bibi akasema ndiyo. Akalifungua begi, akaongeza kitana kipya, akafunga zipu.

"Mpe asiye na mtu," akamwambia mkwe wake. "Ukikuta ana watu wake, mletee Chiriku beseni."

Hivyo daktari alipanda ngazi mpaka wodini, begi begani. Hakuwahi kufika huko tangu aanze ubobezi wake. Chembe za wanawake wa wodi ile alizijua, ila hakujua hata kitanda kimoja. Muuguzi alimwonyesha cha dirishani. Alikuwepo mwanamke mwembamba, amekaa wima, amefunga kitambaa kichwani, miguu mitupu ikining'inia kwa sababu hakuwa na cha kuvaa kwenda bafuni na sakafu ilikuwa baridi.

"Habari za asubuhi, dada."

"Nzuri. Wewe ndiye wa vidonge?"

"Hapana. Mimi ni wa maabara." Akaliweka begi kitandani. "Nimetumwa hili."

Mwanamke alifungua zipu kidogo, kwa tahadhari ya mtu aliyezoea kuambiwa samahani, tumekosea kitanda. Akaona taulo. Akaona lile gauni la kulalia. Akazitoa ndala, akazigeuza kutazama nyayo zake, mpya kabisa.

"Nani kanitumia?"

"Mama mkwe wangu."

"Ananijua?"

Daktari akazitazama zile ndala mkononi mwake.

"Kidogo," akasema.

Mwanamke aliitikia kwa kichwa kana kwamba hilo linatosha. Akaziweka ndala sakafuni, akateremsha miguu, akavaa. Zilikuwa kubwa kidogo. Daktari akavuta kiti akaketi, na vioo vya siku ile vikamsubiri.